Nani Kachinja?

Mimi ni mchinjaji, na kuku nawahurumia. Watu wakinisikia nikisema hivyo hucheka mpaka wakashika mbavu, lakini ni kweli. Sokoni kwetu Bagamoyo nina meza yangu ya saruji, ndoo mbili za maji na pipa la manyoya, na kuku wakiletwa kwenye tenga huwa nawapa mgongo ninaponoa kisu ili wasikione. Babu ndiye aliyenifundisha. Mnyama asione kisu kikinolewa, asione mwenzake akichinjwa, na ukiweza mfunike macho kwa kiganja. Babu alipofariki niliachiwa kisu chake na kitambaa cha kukifungia, kipande cha kanga ambayo maandishi yake yamefifia hayasomeki. Cheti changu cha kidato cha nne hakikunifikisha popote. Kisu ndicho kinachonilisha.

Kwetu anayechinja ni Mwislamu, na hawachinjii Waislamu tu. Krismasi na Pasaka mimi nachoka kuliko Idi. Si kwamba Wakristo wamekatazwa kuchinja. Ni kwamba Mkristo akichinja mwenyewe, jirani yake Mwislamu hatakula, na shughuli ambayo jirani hakula watu huisema mwaka mzima. Kwa hiyo kila mwenye shughuli huniita, na wageni wakifika huuliza swali moja tu: nani kachinja? Wakitajiwa mimi, wananawa mikono. Hakuna karatasi wala muhuri. Ni neno langu basi.

Nyuma ya ua wetu anakaa mama jirani. Ni Mkatoliki, mjane, anauza maandazi, na mdomo wake ukianza utani hata wagonjwa huinuka kitandani. Nilipokuwa mchanga mama yangu alilazwa siku kadhaa, na yeye akaninyonyesha pamoja na mwanawe. Kwa hiyo nina mama wawili, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya uzio. Uzio wenyewe ni wa makuti, na una pengo la upana wa sahani. Ramadhani futari hupita pale kwenda kwake, Krismasi pilau hupita kuja kwetu. Na sahani hairudi tupu. Ukiletewa kitu, unaiosha, unatia chako, unairudisha. Tangu nipate akili sahani za nyumba hizi mbili hazijawahi kupumzika.

Lakini miaka hii hewa imeanza kuwa nzito. Zamani watu walibishana dini kwenye mihadhara uwanjani, spika zikazimwa, wakarudi kunywa kahawa pamoja. Siku hizi mhadhara uko mfukoni. Mtu ameketi kibarazani na mwenzake, kila mmoja na simu yake, huyu anamsikiliza shehe wa mbali, yule mchungaji wa mbali, na katikati zinaingia picha za vita vya nchi ambazo hakuna kati yao aliyewahi kuzikanyaga. Wanaponyanyuka hawaagani vizuri. Fundi seremala mmoja wa mtaani kwetu aliacha kula kwa mama jirani bila kugombana naye. Alianza tu kuwa ameshiba. Mama jirani aliliona hilo, akalifanyia mzaha, ila mzaha wenyewe haukufika machoni.

Basi mwaka huo binti yake wa mwisho alikuwa anapata kipaimara. Na mwaka huohuo akaja dada wa Kizungu.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo huko kwao, amepanga chumba karibu na ufukwe, anatengeneza filamu ya kumalizia masomo. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Nyama hali. Alinikuta sokoni, akasimama mbali kidogo na damu.

“Kwa hiyo wewe unachinja kwa Wakristo pia? Kwa amani?”

“Kwa kisu, dada.”

Wauza nyanya walicheka mpaka wakaegemeana. Yeye naye alicheka alipoelewa, na kuanzia hapo tukawa marafiki. Alisema filamu yake inahusu majirani wa dini mbili wanaokula chungu kimoja, na kwamba kwao watu wanaposikia Mwislamu mwenye kisu wanawaza mambo mengine kabisa. Alitaka wanione mimi. Akaongeza kwamba filamu ikipendwa, chuo chao kinaweza kunialika niende nikazungumze na watu.

Hapo ndipo nilipopotelea. Mimi nikiahidiwa punje naona shamba. Wiki ileile nilikwenda kwenye mitumba nikanunua koti zito la baridi, lenye manyoya shingoni, nikalitundika msumarini. Bagamoyo, joto lile! Mama akalitazama, akauliza, “Huyu mnyama naye umemchinja wewe?” Jioni nililivaa mbele ya kioo nikiwa natiririka jasho, nikajiona nashuka kwenye ndege.

Siku moja kabla ya kipaimara akafika kaka yake mama jirani kutoka bara. Alishuka Msata, akanunua mbuzi beberu mzuri kwa ajili ya mpwa wake, akapanda naye gari lingine mpaka kwetu. Na mimi nilimwita mjomba, kama wanavyomwita watoto wa nyumba ile. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa nanasi la Kiwangwa mkononi, akaniuliza habari za kazi. Ila yeye alikuwa ameokoka, dhehebu lake jingine, na niliona alivyokitazama kile kitambaa cha kisu changu.

Tulipanga nije baada ya sala ya alfajiri, nichinje, wao wapike, kisha waende misa. Dada wa Kizungu akaniomba kitu kidogo: anipige picha nikitembea kutoka kwetu kwenda kule, jua likiwa limechomoza kidogo. Nikakubali. Jua likachelewa kwa sababu ya mawingu. Tukasubiri. Likatoka, nikatembea. Akasema nitembee tena, safari hii nisimtazame. Nikatembea. Mara ya tatu akapita mtu na baiskeli. Mara ya nne nilitembea vizuri sana, natabasamu, kisu kwapani, moyoni nimeshavaa koti.

Nilipoingia uani mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye mti, nusu ameshachunwa. Mjomba alikuwa ananawa mikono.

“Umechelewa, bwana mdogo,” alisema, si kwa ukali. “Watu wanakwenda kanisani.”

“Kachinja nani, mjomba?”

“Mimi.”

Mama jirani alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Kumbe mbuzi akichinjwa yeye alikuwa chumbani anamsuka binti yake, hakujua. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamtazama kaka yake, mwiko ukashuka taratibu.

“Kaka, nilikwambia umsubiri mtoto.”

“Nimesubiri. Na nikuambie ukweli, dada yangu, hata angewahi ningekuomba nichinje mwenyewe. Kijana, mimi sikuchukii. Lakini siwezi kula kilichotajiwa jina la imani nisiyoiamini. Na wewe huwezi kula nilichochinja mimi. Sasa hapo nani anamwonea mwenzake?”

Dada wa Kizungu alikuwa amebaki nje anafungafunga vyombo vyake, hakusikia kitu.

Nilimvuta mama jirani pembeni. Nikamwambia nikimbie sokoni nikalete kuku.

“Kuku wangapi, kwa watu wote wale? Na wakiuliza mbuzi yuko wapi niseme katoroka?” Akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa inanukia mafuta ya nywele. “Mwanangu. Maalim anakuja. Akila Maalim watakula wote. Akijua, hakuna atakayetia mkono kwenye chungu changu tena, si leo tu. Sema umechinja wewe. Neno moja tu, mwanangu, mimi sijawahi kukuomba kitu.”

Ni kweli, hajawahi. Na Mungu ananisamehe au hanisamehe, nilitikisa kichwa kukubali, hata sikulitoa neno. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikimsaidia mjomba kukata nyama vipande kwa kisu cha jikoni, changu kimebaki kwenye kitambaa chake. Tulikata, watu wawili tulioshika visu viwili, na ua ule ambao nimecheza gololi utoto wote nikauona mdogo, kama tenga.

Wageni walikuja adhuhuri. Binti alikuwa amevaa gauni jeupe, anachekacheka. Maalim, ambaye alinifundisha Kurani mimi na nusu ya mtaa, akaketi mkekani na wazee wenzake. Fundi seremala naye alikuja, akasimama karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuona kwanza. Mama yangu aliingia na wanawake. Kamera ya dada wa Kizungu ilikuwa kwenye miguu yake mitatu, inatutazama.

Sinia lilipowekwa, Maalim alinitafuta kwa macho.

“Haya bwana. Nani kachinja?”

“Nilikuwepo hapa tangu asubuhi, Maalim.”

“Sikukuuliza ulikuwa wapi, mbona unanijibu kama askari kakukamata?” Wazee wakacheka. “Nimeuliza nani kachinja.”

Mama jirani alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. Alikuwa ameliinamisha bila kujua, matone yakianguka mguuni pake. Nikayatazama yale matone.

“Mimi, Maalim.”

“Bismillahi,” akasema, akanawa, akatia mkono. Mchinjaji akishajibu haulizwi tena. Wote wakatia mikono, na fundi seremala akasogea, akakaa, akala. Akala sana, maskini. Alikuwa na hamu ya pilau lile ya miezi mingi. Mjomba aliketi upande wa pili akitutazama kwa mshangao, kisha akainamisha uso kwenye sahani yake. Hakunisuta. Nadhani alinionea huruma, na hilo lilinichoma kuliko kusutwa.

Mama yangu alichelewa kula. Alikuwa amenipokea kisu mlangoni ili akitundike mahali salama, watoto wasikiguse. Niliona akikipapasa kile kitambaa. Mimi nikishachinja hukiosha kisu na kukifunga kikiwa kibichi, kitambaa kinashinda kimelowa. Siku hiyo kilikuwa kikavu. Alinitazama katikati ya wanawake wote. Kisha akachukua kipande cha nyama, akakitia mdomoni, akakitafuna muda mrefu sana.

Alasiri, tulipokuwa peke yetu, nilimuuliza, “Ulijua?”

“Nilijua nilipokishika.”

“Mbona ulikula?”

“Ningeacha, wangenitazama. Wangenitazama, wangemtazama yeye.” Alikuwa anakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. “Umetufunga wote, baba. Mimi, wewe na yule mwanamke. Kesho nenda kwa Maalim.”

Nikaenda. Nilimkuta anapepeta mchele na mkewe. Nilimwambia yote, kuanzia jua lililochelewa, na nilipofika kwenye lile jagi nikalia kama mtoto wa madrasa aliyesahau sura. Hakunikatiza.

“Sikiliza,” alisema. “Sisi tuliokula hatukujua. Na chakula cha watu wa Kitabu, wanazuoni wamekijadili kabla babu yako hajazaliwa, nyama ile ina rai mbili. Uongo una rai moja. Nilikuuliza mbele ya watu, ukaniambia, ‘Mimi.’”

“Nifanye nini, Maalim?”

“Mimi sitamwambia mtu. Ila kuku wangu sitaleta kwako tena.”

Basi. Hakupaza sauti. Lakini mtaa mzima humtazama Maalim anapoelekea, na siku alipopita meza yangu na jogoo mkononi akaenda kwa mchinjaji wa mwisho kule kwenye samaki, watu waliona. Wakaanza kuniuliza, kwa utani kwanza, “Vipi, umemkosea nini mzee?” Na hapo ndipo nilipouona mtego wote, mbele na nyuma. Nikinyamaza, naendelea kudanganya kila anayeniletea kuku. Nikisema, namuanika mama jirani. Nikafunga kidole bendeji, nikasema nimejikata, siwezi kuchinja. Uongo mwingine, na kidole kizima ndani yake.

Katika siku hizo dada wa Kizungu akaja na kompyuta yake, amefurahi. Alitaka sauti yangu ya kusimulia filamu. Tuliitazama pale kwetu, nikajiona natembea, natabasamu, mwanga umekaa vizuri. Baada yangu akaja mbuzi akiwa nyama, kisha moshi, kisha mikono mingi kwenye sinia moja.

“Hapa utasema, ‘Leo nimemchinjia mama yangu Mkristo,’” alinielekeza.

Nikamwambia ukweli. Alikunja kidole chake, akakikunjua.

“Lakini walikula pamoja,” alisema. “Hiyo ni kweli.”

“Walikula kwa sababu nilidanganya.”

“Tunaweza kuiacha sehemu hiyo?” Sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kuamuru. “Kwetu watu wanaogopa sana. Wanahitaji kuona Mwislamu mzuri.”

Nilitamani niwe huyo. Wallahi nilitamani. Koti lilikuwa pale msumarini, nyuma ya kichwa chake. Lakini niliona kwamba hata kwenye filamu yake kuna chumba kimeandaliwa, na mimi natakiwa kuingia, kukaa na kutabasamu, na nikitoka nje ya tabasamu tu, sina mahali pengine pa kukaa. Nikamwambia aweke sauti yake mwenyewe. Aliiweka. Filamu ilipotoka wenzangu walinionyesha kwenye simu, natembea ile mara ya nne. Mialiko haikuja. Siku hizi mama hulitumia koti lile kufunikia deli la barafu za ubuyu anazouza, anasema halipitishi joto hata kidogo.

Nilipochoka na bendeji nilipita kwenye pengo la uzio, nikamwambia mama jirani kwamba Maalim anajua, na kwamba sokoni siwezi tena kujibu uongo. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

“Ningejua utasema,” alisema, “ningewaambia mwenyewe siku ileile. Ningeaibika mara moja, nikapumzika.”

“Nisamehe, mama.”

“Nenda, mwanangu. Unga utaniumuka vibaya.”

Sokoni walipouliza tena nikawaambia ukweli, na habari zikatembea. Hakuna aliyemtukana mama jirani, kwetu hatutukani kwa namna hiyo. Watu walianza tu kuwa wameshiba. Hata maandazi, ambayo hayana nyama wala shingo, yalikuwa yanabaki kwenye beseni mpaka mchana. Na sahani yake moja, ya bati, yenye maua mekundu, ilikuwa imebaki kwetu tangu siku ya kipaimara. Mama aliiosha, akaiweka kabatini. Kila akifungua kabati anaiona, anafunga. Tutie nini ndani? Tukitia nyama tutaonekana tunamsimanga. Tukirudisha tupu ndiyo kusema basi.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza mama alinipa kuku wetu mwenyewe, wa uani. “Mchinje,” akasema. Nikafungua bendeji. Akampika na nazi, akapakua kwenye ile sahani ya maua, akanipa. “Usipitie kwenye pengo. Pita mlangoni, kama mgeni.”

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nikapiga hodi, na aliyefungua alikuwa mjomba. Alikuwa amepata kazi ya ujenzi, akabaki. Alijaza mlango wote. Aliitazama sahani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.” Kisha akauliza, taratibu, kama mtu ambaye hakupenda kuuliza: “Nani kachinja?”

Katika maisha yangu yote hakuna Mkristo aliyewahi kuniuliza swali lile. Nusura nicheke.

“Mimi.”

Hakuipokea. Sikuiondoa. Sahani ilikuwa ya moto na vidole vyangu vilikuwa vinaungua, na nilikuwa nimefunga, kiu imenikaba, harufu ya nazi inanipanda puani. Tulisimama hivyo. Yeye hakuwa anaweza, nami sikuwa naweza, na hakuna kati yetu aliyekuwa anadanganya.

Mkono wa mama jirani ukapita chini ya kwapa la kaka yake, umejaa unga mpaka kwenye kiwiko. Ukaishika sahani, ukaivuta ndani. Sura yake sikuiona. Nilimsikia tu akisema, “Mwambie mama yako nimeiona.”

Kesho yake, kabla ya magharibi, ilirudi kupitia kwenye pengo. Ndani kulikuwa na samaki wawili, changu wa kukaanga, na limau limekatwa. Mama aliitazama sahani kwa muda, kisha akaelewa, akakaa chini akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Samaki hachinjwi. Samaki hana wa kuulizwa.

Tangu siku ile sahani zinapita tena. Muhogo, ndizi, tambi, na samaki. Samaki wa kupaka, samaki wa kukaanga, pweza, dagaa. Maalim bado hajanirudishia kuku wake, ila fundi seremala amerudi kununua maandazi. Krismasi iliyopita pilau la mama jirani lilikuwa la kamba. Lilikuwa tamu, sitasema uongo. Lakini nilipokuwa nakula nilikuwa naitafuta nyama kwa kijiko, chini kabisa ya wali, kama mjinga.